Ndoo ya Mama na Jicho la Matiko

Siku tuliyomzika mama yetu, Tereza Wankyo, katibu wa jumuiya alisoma wasifu wake kwa dakika nne. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto wanne, alikuwa mkunga, aliugua moyo, akafariki. Yote yalikuwa kweli. Lakini nikiwa nimekaa mkekani karibu na jeneza nilimwona kaka yangu Matiko akifuta machozi kwa leso, kwanza jicho la kulia, kisha la kushoto, nikawaza kwamba habari ya hilo la kulia haikusomwa, na mtu asiyeijua habari hiyo hamjui Mama. Kwa hiyo naiandika mimi, Debora, binti yake wa mwisho, ili wajukuu waikute.

Kijiji chetu kiko upande wa Butiama, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara ya lami. Mama alizalisha wanawake hapo tangu kabla sijazaliwa. Zahanati ilipojengwa na serikali ikasema akina mama wote wajifungulie huko, hakununa. Alikuwa anawasindikiza, anakaa nje kwenye benchi, anasali rozari yake, na miguuni pake iko ndoo ya bluu yenye mfuniko. Kuzalisha aliwaachia wauguzi, ila kazi moja hakumwachia mtu, nayo ndiyo aliyoiona kubwa kuliko zote. Ni kazi ya kondo la nyuma.

Kwetu kondo la nyuma halitupwi. Linarudi nyumbani kwa baba wa mtoto, linazikwa nyuma ya nyumba mahali ambapo jembe halipiti, na juu yake yanawekwa mawe matatu. Wazee wanasema hapo ndipo mtu anapofungwa na nyumbani kwao. Hata akienda mbali kiasi gani, kuna kipande chake kinachomsubiri. Paroko mmoja alimwuliza Mama kama hiyo si imani ya kishirikina. Mama akamwambia, "Baba, wewe ukienda Roma si unaonyeshwa walipolala watakatifu? Na mimi nawaonyesha watu walipoanzia." Paroko alicheka, hakuuliza tena.

Mama alikumbuka kila mmoja. Watu wazima wenye vitambi vyao, wamerudi Krismasi kutoka Dar es Salaam, walikuwa wanapita kwetu na kusema, "Bibi, mimi niko wapi?" Naye anaacha kazi, anajifunga kanga vizuri, anatangulia mbele. "Wewe uko hapa. Ulitanguliza miguu, ukamsumbua mama yako siku mbili. Na leo umekuja hata sukari hujamletea."

Sasa nimwelezee Matiko. Ni fundi ujenzi, anaishi Bunda na mke wake Hana. Kazi anayojulikana nayo ni plasta. Ukuta alioupiga Matiko ukiumulika kwa tochi kutoka ubavuni huoni kivuli hata kimoja. Mwaka 2021, mwezi wa saba, yeye na mwenzake Makoye walikuwa wanapaka chokaa nyumba moja karibu na soko. Mfuko wa chokaa ukateleza kutoka juu ya jukwaa, ukaangukia ndani ya pipa ambamo chokaa nyingine ilikuwa imekorogwa, ikaruka ikampiga usoni upande wa kulia.

Walimfuta kwa kitambaa. Mtu akasema atiwe maziwa, akatiwa maziwa. Maji, ambayo ndiyo yangemsaidia, walimmwagia kikombe kimoja. Daktari alituambia baadaye kwamba alipaswa kuoshwa jicho kwa maji safi nusu saa nzima bila kuacha, pale pale, kabla ya kutafuta usafiri. Naliandika hili kwa makusudi, huenda fundi mwingine atalisoma.

Jicho halikupasuka, lakini mwezi baada ya mwezi lilifunikwa na utando mwekundu wenye mishipa, ukaingia kutoka pembeni hadi katikati. Mwishowe aliweza kutofautisha mchana na usiku tu. Watu walimwambia ashukuru, bado ana la kushoto. Hawakujua kwamba fundi mwenye jicho moja hajui umbali. Alikuwa anatupa udongo kwa mwiko unaangukia chini, anakanyaga ubao ambao haupo. Makoye alimtania, akimwita kijana kwa lugha ya kwetu, "Mura, ukuta uko huku. Huko unakoelekea ni Serengeti." Matiko alicheka naye. Jioni alirudi nyumbani akaweka vifaa vyake, timazi, pima maji na mwiko, chini ya kitanda, akaanza kuchunga ng'ombe wa mkwe wake.

Mimi niliiona shida yake kwenye chai. Akimimina chai kutoka kwenye chupa, inamwagika mezani, kikombe kiko pale pale pembeni. Basi sote tukajifunza bila kuambiana. Matiko akiinua chupa, aliye karibu anakisogeza kikombe kikutane na chai. Mama ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Alikuwa anakisogeza huku anaendelea kuongea habari nyingine, ili mwanaye asijue. Matiko alijua, nasi tukajua kwamba anajua. Miaka miwili tulikunywa chai namna hiyo.

Mwaka 2023, baada ya Misa, likatoka tangazo kwamba madaktari wa macho watakuwa Musoma wiki moja. Nilimpeleka mimi, kwa sababu Hana alikuwa na watoto wadogo. Tulionana na daktari mwanamke anayeitwa Jenoveva, ambaye alikuwa anakuja Musoma mara mbili kwa mwaka. Alimulika jicho muda mrefu, akavuta kiti karibu.

"Kaka, juu ya kioo cha jicho kuna ngozi nyepesi sana. Kila siku inachakaa na kuota upya. Mbegu zake ziko hapa kwenye mpaka, cheusi kinapokutana na cheupe. Chokaa iliunguza mbegu zote upande huu. Shamba likikosa mbegu, magugu yanaingia. Huu utando ndio magugu."

"Daktari, wewe ni mkulima?" Matiko akauliza.

"Baba yangu analima pamba Mugeta. Sikiliza sasa. Nitakwangua magugu. Halafu nitachukua mbegu kutoka jicho lako zima..."

Matiko akasimama. "Hilo usiliguse."

"Kaa, kaka. Nachukua kipande kidogo kama punje mbili za ulezi."

"Hata nusu punje. Hilo ndilo linanipeleka chooni."

Nilimvuta shati akakaa. Daktari hakukasirika. Alisema ile punje itakatwa vipande kumi hivi, vilazwe juu ya ngozi nyingine nyembamba iliyobandikwa juu ya jicho baya. Chembe hai zilizomo kwenye vile vipande zitaanza kutambaa juu ya hiyo ngozi, zitakutana, zitafunika jicho lote. Ngozi yenyewe itayeyuka polepole, kazi yake imekwisha. Alisema kwenye maabara kubwa za nchi nyingine chembe hizo zinaoteshwa kwanza juu ya ngozi nje ya mwili, wiki mbili, kama miche kwenye kitalu, ndipo zinapandikizwa. "Sisi hapa kitalu hicho hatuna. Tunapanda moja kwa moja, jicho lenyewe ndilo kitalu. Jicho lako zima litajiponya kidonda chake kwa siku chache. Siwezi kukuapia kwamba hakuna hatari. Ni ndogo, lakini ipo."

"Na hiyo ngozi ni ya mnyama gani?" Matiko akauliza.

"Ni ya mama aliyejifungua. Ni ile ngozi nyororo ya mfuko wa maji, iliyoungana na kondo la nyuma upande wa mtoto. Haina mishipa, mwili wa mtu mwingine hauikatai kirahisi."

Nilimtazama kaka, naye akanitazama. Sote wawili tulikuwa tumemwona Mama na ndoo yake.

Daktari akaongeza jambo moja. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na hizo ngozi zilikuwa hazijafika. Zilitarajiwa Alhamisi. Zisipofika, tungesubiri miezi sita, na kovu lilikuwa linazama ndani. Likizidi kuzama, hata mbegu zikiota, jicho halitaona.

Jioni nilimpigia Mama kupitia simu ya jirani yake kijijini. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa na haraka na salio lilikuwa dogo. Nilisema, "Mama, wako tayari kumpasua. Kinachokosekana ni ngozi ya kondo la nyuma."

"La nani?"

"La mama yeyote, Mama."

"Yeyote?"

Simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao.

Jumatano asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye benchi la wagonjwa. Pikipiki ya madumu ya maziwa ikaingia getini, na katikati ya dereva na madumu ameketi Mama, kanga kichwani, ndoo ya bluu mapajani. Dereva alikuwa Yusto, anayepeleka maziwa Musoma kila siku. Tangu siku ile hadi leo anaisimulia safari hiyo kila anapoalikwa chai. Anasema alimwuliza, "Bibi, hiyo ndoo nayo ni ya maziwa?" Mama akajibu, "Ni jirani yako. Endesha taratibu." Yusto akaendesha taratibu hadi Musoma.

Habari ya ndoo niliielewa baadaye, nilipoongea na Flora. Flora ni mke wa jirani yetu, alijifungua mtoto wa kike kwenye zahanati siku ya Jumanne usiku. Alfajiri, Mama akiwa na lile kondo kwenye ndoo, badala ya kwenda kulizika alipiga magoti kando ya kitanda. Flora aliogopa, mzee kama yule kumpigia magoti binti. Mama akamwambia, "Flora, mwanangu, nimezika ya watu zaidi ya mia mbili, sijawahi kumwomba mtu lake. Leo naomba. Likitumika, binti yako atakuwa anaona pamoja na Matiko. Lisipotumika, litarudi kwenye mawe yake leo leo." Flora alisema ndiyo. Alisema hata hakuelewa anachoombwa, ila hangeweza kumwambia hapana mtu aliyemshika yeye mwenyewe akitoka tumboni.

Watu wa kijijini kwetu wataelewa Mama alifanya nini pale. Wengine niwaambie tu kwamba ilikuwa kama paroko avunje altare yake kwa mikono yake mwenyewe.

Tuliingia wote kwa daktari. Mama alisimama wima. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, mama. Umetuletea nini?"

"Ulichokosa." Akafungua mfuniko.

Muuguzi kijana aliyekuwa mlangoni, Amos, alianza kucheka, kisha akauona uso wa daktari akaacha. Daktari Jenoveva alivaa glovu, akachungulia ndani kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa mtoto.

"Mama, hiki ndicho chenyewe. Hujakosea. Ngozi ni hii hapa, hii inayong'aa."

"Nimeijua miaka arobaini. Chukua."

"Siwezi kuitumia."

Akamweleza taratibu kazi yote, vipande kumi vya jicho na ngozi zinazotarajiwa kesho. Mama anayetoa ngozi hii anapimwa damu kabla ya kujifungua, na miezi kadhaa baadaye anapimwa tena. Anajifungua kwa kupasuliwa, kwenye chumba kisafi, ili vijidudu vya njiani visiiguse. Ngozi inaoshwa kwa dawa, inakaushwa, inafungwa kwenye pakiti. Hii ya Flora ilikuwa nzima na nzuri, ila ikiwekwa ndani ya jicho lenye kidonda inaweza kulioza.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Macho yake hayakuniangalia, na namshukuru Mungu hayakuniangalia. Kisha akasema, "Na vile vipande vya jicho, umesema unakata kumi. Kwa nini usiweke kimoja kizima?"

"Kimoja kitaota upande mmoja. Kumi vinaota pande zote na kukutana."

"Marando," Mama akasema. "Unakata marando ya viazi vipande vipande, unalaza juu ya tuta. Mwezi ukiisha tuta halionekani."

Daktari alicheka kwa sauti. "Mama, miaka sita naeleza jambo hili, sijawahi kulieleza vizuri hivyo."

Lakini Mama hakucheka. "Hiyo ngozi inayokuja kesho. Ni ya mtoto wa nani?"

"Siruhusiwi kujua. Mama yake aliitoa kwa hiari yake."

"Na sehemu iliyobaki ilizikwa wapi?"

Daktari angeweza kudanganya, na ingekuwa rahisi. Alivua glovu kwanza. "Sijui, mama. Kwa kawaida hospitali inateketeza."

Matiko ndiye aliyeongea. "Mama, wewe ndiye unayejua mambo haya. Ukisema hapana, narudi Bunda kuchunga ng'ombe. Sitanung'unika."

Mama akafunika ndoo. Amos akajitolea kwenda kulitupa kondo kwenye shimo la hospitali, wala hakuwa na ubaya. Mama akamwangalia kama anavyoangaliwa mtu anayetaka kuketi juu ya mtoto mchanga. "Hili lina kwao," akasema. "Nimeahidi." Kwa Matiko akasema, "Nitakujibu kesho." Akatoka. Yusto alikuwa ameshamaliza kupima maziwa yake, akamrudisha.

Alhamisi ngozi zilifika, pakiti ndogo kumi na mbili kwenye boksi. Daktari alitangaza kwamba orodha ya watakaopasuliwa Ijumaa inafungwa saa sita mchana, kwa sababu Jumamosi wanaondoka. Fomu ya ridhaa ilikuwa mapajani kwa Matiko, kalamu juu yake. Saa tatu, saa nne. Nilipiga simu ya jirani, haipatikani. Nilimwambia, "Kaka, saini tu. Mama atasamehe."

"Najua atasamehe," akasema. "Ndiyo maana sisaini."

Nilikwenda nyuma ya jengo nikasali. Sikusali vizuri. Nilimwambia Mungu kwamba kosa la simu lilikuwa langu, anidai mimi, asimdai Matiko.

Saa tano na nusu simu ikalia. Ilikuwa namba ya Flora.

"Debora," Mama akasema, akihema. "Kondo la binti wa Flora nimeshalizika vizuri tangu jana. Nimekaa pale na jembe nikajiuliza, mimi Wankyo naogopa nini? Si kwamba kipande kitumike. Naogopa mtu akose pa kurudi. Sasa pa kurudi si mimi nachimbaga? Nimechimba hapa nyuma ya nyumba yetu. Nimeweka mawe matatu. Huyo mtoto wa watu ana mahali. Mwambie kaka yako asaini."

Nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea kwa Matiko.

"Unasikia? Na ile karatasi iliyofungia ngozi, niletewe. Nisizike hewa."

Nilikimbia. Mpaka leo sikumbuki kama niliongea au nilionyesha kwa mikono tu. Matiko aliandika jina lake lote, mpaka la babu.

Alipasuliwa Ijumaa. Hakulazwa usingizi, alichomwa sindano ya ganzi tu, kwa hiyo alisikia kila kitu. Anasema daktari alikuwa anahesabu polepole, moja, mbili, tatu, akiwa analaza vipande, na alipofika saba alimwambia muuguzi, "Hapa kwenye kona ya tuta tuongeze rando." Matiko akataka kucheka akaambiwa asitikisike. Juu ya yote wakaweka kilensi laini cha kulinda. Nami niliomba pakiti. Ilikuwa ya rangi ya fedha, ndogo kuliko kiganja, ina namba ndefu na haina jina. Daktari alijaza ile namba kwenye karatasi zake, akakagua kwamba pakiti ni tupu na safi, akanipa bila swali.

Baada ya hapo kila wiki Matiko alitoka Bunda kuja Musoma, na Amos ndiye aliyemwangalia. Kijana yule aliyetaka kucheka aligeuka kuwa rafiki yetu. Alikuwa anamdondoshea rangi jichoni, anamulika kwa taa ya bluu. Mahali ambapo ngozi mpya haijafika panang'aa kijani. Palipofunikwa hapang'ai. Wiki ya kwanza jicho lilikuwa kijani karibu lote. La kushoto, lililochukuliwa mbegu, lilikuwa limeshapona kabisa, na hilo peke yake liliniletea usingizi.

Wiki ya pili kijani ilikuwa ile ile.

"Haijapungua?" nilimwuliza Amos.

"Dada, sitaki kukudanganya. Haijapungua. Haijaongezeka pia."

Nilimpigia Mama nikiwa nalia. Akaniuliza kama jicho linatoa usaha. Nikasema hapana. Linauma? Hapana. "Basi acha kufukua," akasema. "Marando yakipandwa, wiki ya kwanza yananyauka, unadhani yamekufa. Yanashika mizizi. Anayefukua kuangalia ndiye anayeyaua."

Wiki ya tatu Amos alizima taa ya chumba, akawasha ile ya bluu, akaniita. Alinionyesha kwenye mashine. Kijani ilikuwa imebaki upande mmoja tu, nyembamba kama ukucha. Wiki ya nne haikuwepo. Amos alirudia rangi mara ya pili kwa kutoamini, akarudia kumulika, halafu akampiga Matiko begani. "Mzee, tuta limefunga."

Nilikaa chini palepale sakafuni. Sijui kuieleza hali ile. Ni kama kubeba debe la maji kichwani kwa miaka miwili, kisha mtu mrefu akalitua.

Niseme ukweli, jicho halikurudi kama alivyozaliwa nalo. Kuna ukungu kidogo katikati. Kwenye ile karatasi ya herufi E zinazogeuka, ambazo anaonyesha kwa mkono kama zinatazama juu au chini, anafika mstari wa sita, miwili ya mwisho inamshinda. Lakini kabla alikuwa haoni hata karatasi.

Siku aliyokuja nyumbani kutoa shukrani, Mama alikuwa amepika chai ya maziwa. Tulikaa yeye, Mama, Hana, mimi, na Makoye aliyekuja kuomba msamaha wa utani wake, ingawa aliomba kwa utani mwingine: "Mura, leo umekuja moja kwa moja, hukupitia Serengeti." Matiko akainua chupa ya chai. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kikombe. Mama akanipiga kofi dogo la mkono chini ya meza.

Kikombe kikabaki peke yake katikati ya meza, hakuna aliyekigusa. Matiko aliinamisha chupa. Chai ikaingia katikati ya kikombe, ikapanda, akaacha kabla haijafika ukingoni. Hakuna tone lililomwagika. Akamsogezea Mama.

Mama alikinywa chote. Kisha akasema, "Haina sukari," na Hana akaangua kicheko, sote tukacheka hadi machozi.

Pakiti ile ilizikwa siku hiyo hiyo, chini ya mawe matatu aliyokwisha kuyaweka. Mama hakujua kusoma namba ndefu, akaniambia nimsomee, akairudia kwa sauti mara tatu mpaka akaishika. Tangu hapo katika rozari ya kila jioni, baada ya kututaja sisi na wajukuu na marehemu, aliitaja namba ile yote mpaka tarakimu ya mwisho, na mama yake mtoto huyo pia, aliyemwita Mama wa Hiari. Alisema Mungu hana shida na namba.

Miezi michache kabla ya kufa, moyo ulipoanza kumsumbua, alinitembeza kijiji kizima siku nne akinionyesha mawe. Niliandika kila jina na kila nyumba kwenye daftari. Kwa hiyo hata hilo limebaki, watu wakija Krismasi nitawaonyesha. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, mchana, akichambua maharage kwenye ungo. Tumemlilia na bado tunamlilia. Ila sisi tuliobaki hatuna neno tulilosahau kumwambia, na yeye hakuondoka na wasiwasi wa mtu yeyote.

Kaburi alilijengea Matiko mwenyewe. Makoye alikuwa anakoroga saruji, na wote wawili walivaa miwani ya kazi, ambayo sasa Matiko hapandi jukwaa bila kuivaa. Alipiga plasta kuanzia asubuhi. Alipomaliza alishika timazi, akafumba jicho la kushoto, akaangalia kwa la kulia peke yake.

"Imepinda?" Makoye akauliza.

"Haijapinda."

Saruji ilibaki kidogo kwenye ndoo. Matiko akaichukua, akazunguka nyuma ya nyumba, akajenga ukingo mdogo kuzunguka yale mawe matatu ya pakiti, ili jembe lisipite hata sisi tukizeeka. Makoye alikuwa hajui habari hiyo.

"Huyo ni nani wenu?"

Matiko alilainisha ukingo kwa mwiko hadi kona ya mwisho. "Simjui jina," akasema. "Akija kuuliza, mwambieni yuko hapa."